Wazee Hawakai Miguuni

Nina kibarua wangu pale Same. Ana mkono mmoja, hana jicho hata moja, na tangu azaliwe hajakosea nyumba ya mtu. Msinipe mji, jibu nitalitoa mwenyewe, maana kitendawili hiki nilikitegua kwa machozi na sipendi mwingine ahangaike nacho.

Kibarua huyo alikuwa mashine. Lakini siwezi kuanza na mashine kabla sijawaambia habari za maji, kwa sababu ni maji yaliyotupeleka kwake.

Mwaka ule wa kipindupindu, vitongoji vyetu vya Mamba vilikuwa vimekwisha kuunganishwa kuwa kijiji kimoja cha ujamaa. Wifi yangu Raheli, mjane wa kaka yangu Benedikto, alikuwa na shamba la tangawizi kwenye mteremko, chini ya ndiva. Ndiva ni bwawa letu la kukinga maji ya kijito usiku, na asubuhi yanafunguliwa yashuke kwa mfongo, huo mfereji, kwenda mashambani. Kila nyumba ina siku yake. Alhamisi ilikuwa ya nyumba ya Benedikto. Baba yangu, Mzee Melkizedeki, ndiye aliyempa, mbele ya wazee wenzake. Wazee wale wakafa mmoja mmoja, kama taa zinavyozimwa nyumba kwa nyumba. Benedikto naye akafa. Baba akawa wa mwisho. Raheli akabaki na binti zake wawili na Alhamisi yake, bila mtu wa kusema "nilikuwepo."

Hapo ndipo Asheri, mtoto wa baba yangu mdogo, akawa mwenyekiti wa kamati ya maji. Akamwita Raheli mbele ya watu.

"Shemeji, hiyo Alhamisi ulipewa na nani?"

"Na baba mkwe."

"Yuko wapi aje aseme?"

"Asheri, si wewe uliyelibeba jeneza lake? Ulishika upande wa miguu, ukalalamika kwamba mzee ni mzito."

Watu wakacheka, na Asheri akacheka nao. Hakuwa mtu wa hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya kwake, kwa sababu mtu wa hasira unaweza kumsubiri apoe.

"Basi shahidi wako amelala," akasema. "Maji sasa ni ya kijiji. Mwenye zamu ya zamani alete shahidi. Asiye na shahidi, siku yake inaingia shamba la kijiji."

Na kila mtu pale alijua kwamba mfongo wa kwenda shamba la kijiji unapita kwanza kwa Asheri.

Raheli hakulia. Akasema, "Shahidi ninaye. Yuko Same, ndani ya kanda."

Alisema kweli. Kabla baba hajafa, walikuja watu wa kituo kimoja cha elimu ya watu wazima kutoka Same, wamebeba kinasa sauti, wanazunguka milimani kuchukua maneno ya wazee yasipotee. Baba alikaa nao tangu asubuhi mpaka mbuzi waliporudi. Aliwaeleza nani alichimba ndiva, nani aliweka jiwe la lango, na siku ipi ni ya nani. Raheli ndiye aliyekuwa anawapikia, akipita na vyombo. Alimsikia kwa masikio yake akisema: Alhamisi ni ya nyumba ya Benedikto, na asiiguse mtu.

Wazee wa kamati wakanong'ona. Mmoja akasema, "Kama ni sauti ya Melkizedeki, mimi sishindani na maiti."

"Sawa," akasema Asheri. "Jumamosi tunagawa zamu. Shemeji, mlete mzee wako hapa mezani, azungumze."

Mimi nilikuwa nimeolewa Gonja. Raheli aliposhuka kutafuta gari la Same alipitia kwangu, akanikuta nachambua maharage ya makande. Aliponieleza nikauacha ungo pale pale. Yeye alikuwa anafuata maji. Mimi, niseme ukweli, nilikuwa nafuata sauti ya baba. Tangu tumzike sikuwahi kuisikia hata ndotoni.

Same mnaijua: jua, upepo, na vumbi linaloingia mpaka kwenye meno. Kituo kilikuwa nyuma ya stesheni ya reli, nyumba ya bati. Ndani mlikuwa na feni mbili na zote zilikuwa zinaipepea mashine, watu wanatoka jasho. Aliyekuwa anaiendesha ni msichana Mgweno wa Ngujini aitwaye Hedwiga, amevaa ovaroli ya buluu na kitambaa kichwani.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mmetoka Mamba? Mbona mikono mitupu, tangawizi mmemwachia nani?"

"Ninyi Wagweno mnakula ndizi tu," nikamwambia, "tangawizi mngeitia wapi?"

Akacheka sana, akatuvutia benchi. Raheli akamweleza shida yake yote, na Hedwiga akasikiliza mpaka mwisho bila kumkata. Kisha akasema, "Mama, hilo si tatizo. Mzee wako ninaye. Hapa hakipotei kitu."

Akatuonyesha mashine. Ilikuwa kabati la chuma refu kuliko mtu, lenye kioo mbele na kufuli ubavuni. Nyuma ya kioo kulikuwa na vijumba vidogo vidogo, safu juu ya safu, kama mzinga wa nyuki, na kila kijumba kina kanda yake. Katikati ulisimama mkono wa chuma kwenye reli. Hedwiga alikuwa na meza yenye vidude vya namba. Akibonyeza namba, mkono unapanda au unashuka, unasimama mbele ya kijumba chenye namba hiyo, unachomoa kanda, unaipeleka kwenye kinywa cha mashine, na kanda inasema. Ikimaliza, mkono unairudisha pale pale ilipotoka.

"Ina macho?" Raheli akauliza.

"Haina. Inajua nyumba tu, haimjui mwenye nyumba."

"Na wazungu walioileta?"

"Waliifunga wakaondoka. Mimi nilifundishwa wiki zile walizokuwepo. Sasa ikikohoa, nakohoa nayo."

Akatueleza na kazi yake nyingine, na mimi nikaisikia kama mtu anavyosikia habari za mji asiokwenda. Somo jipya likitoka Moshi, analitia mashine, anaiamuru safu ya juu. Basi mkono wenyewe, bila mtu, unachukua kanda za safu ile moja baada ya nyingine, unazipiga chapa ya somo jipya pande zote mbili, unazirudisha. Kanda hizo huenda kwenye madarasa ya vijijini, zikirudi zinapigwa tena somo lingine juu ya lile la zamani, kwa sababu kanda mpya hazipatikani nchini, hata ulie. Safu ya chini ndiyo ya sauti za wazee. Hiyo haipigwi chapa kamwe. Ni ya kutunza.

"Haya," akasema Hedwiga, "tumwamshe mzee."

Akabonyeza. Mkono ukashuka mpaka chini kabisa, ukaingia, ukachomoa. Nilijifunika mdomo kwa kanga. Raheli alikuwa amenishika kiganja, kucha zake zinaniingia.

Kinywa cha mashine kikasema, sauti ya kijana wa redio: "Ndugu wananchi, shimo la choo lichimbwe mbali na kisima."

Tukatazamana.

"Huyo si baba mkwe," akasema Raheli.

"Baba hakuwahi kuita mtu ndugu mwananchi maisha yake yote," nikasema mimi. Tulicheka kidogo. Tulicheka kwa sababu tulikuwa bado hatujaogopa.

Hedwiga akaizima, akabonyeza tena, taratibu, anatamka kila namba. Mkono ukashuka pale pale, ukatuletea choo kile kile. Akachukua ufunguo akafungua kabati. Akainama kusoma vikaratasi vilivyobandikwa kwenye kanda za chini, akanyanyuka, akasoma za juu. Halafu akaita kwa sauti, "Mzee Eliamini!"

Akaja mzee mmoja mfupi, kofia kichwani, kitambaa cha kufutia vumbi begani. Ndiye mfagiaji na mlinzi wa pale, Mpare mwenzetu wa Gonja, hata nikamfahamu ukoo wake.

"Nani aliyezigusa kanda?" Hedwiga akamuuliza.

"Mimi. Ulipokuwa likizo. Si uliniachia ufunguo nifute vumbi?"

"Sauti za wazee umezipeleka wapi?"

"Juu!" akasema Eliamini, uso unang'aa. "Mahali pao. Mama zangu, hebu niamulieni. Nafungua kabati hili, nakuta wazee wote wa milimani wamelazwa sakafuni, na juu ya vichwa vyao masomo ya vyoo. Vyoo! Nikasema hapana. Mtoto anakaa chini, mzee anapewa kiti. Wazee hawakai miguuni. Nikawapandisha wote kwa mkono wangu, mmoja mmoja, na nikawasalimu. Nimekosea?"

"Hujakosea," nikamjibu. Na ndivyo nilivyoona, hata leo sijui ningesema nini kingine. Raheli akasimama akampa mkono kwa adabu, ameshika kiwiko, akasema, "Mungu akubariki baba. Na mkwe wangu umempandisha?"

"Melkizedeki wa Mamba? Huyo nimempa mwanzo wa safu."

Hedwiga alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, anaitazama safu ya juu.

"Mwanangu," nikamwambia, "si umempata? Mchomoe tumsikie."

"Mama," akasema, "niliporudi kutoka likizo nilikuta somo la kipindupindu limefika. Likaja na amri kwamba ni la haraka. Nikaiamuru safu ya juu."

Hatukuelewa. Eliamini naye hakuelewa. Ikabidi atueleze polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto: mashine haisomi vikaratasi. Imeambiwa safu ya juu, ikafanya safu ya juu. Kabati lilikuwa limefungwa, mkono unafanya kazi wenyewe, yeye yuko mezani. Na kwa kuwa gari la kituo halikuwa na petroli, kanda hazikutolewa kupelekwa vijijini, wala hakuna aliyeziona tena.

"Sasa wazee wako wapi?" Eliamini akauliza.

"Hawapo, mzee wangu."

"Si hao hapo? Majina yao hayo."

"Majina yapo."

Eliamini akavua kofia. Akasimama hivyo, anaizungusha kofia mikononi, na nilimsikia akisema kwa Chasu, Kipare chetu, si kwetu sisi, labda kwa wale aliokuwa amewasalimu, kwamba yeye aliwapandisha juu.

Raheli akasema, "Niwekeeni kanda yake."

"Mama, ni kipindupindu tu."

"Niwekee mpaka mwisho. Mtu hazikwi kabla hajaguswa kama amepoa."

Basi Hedwiga akabonyeza, na mkono ukapanda juu, nyumba ya kwanza. Tukasikiliza somo zima. Chemsha maji. Osha matunda. Mgonjwa apelekwe zahanati mapema. Kila msomaji alipovuta pumzi, Raheli alinyoosha shingo. Somo likaisha, msomaji akawaaga wananchi. Kukawa na mkwaruzo, kisha upepo. Upepo wa kwetu, nikautambua, na jogoo kwa mbali. Kisha mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha baba.

"…kama nilivyosema," baba akasema. "Mwenye masikio amesikia. Sirudii, nimechoka. Raheli! Hawa wageni wamekula?"

Na kwa mbali, kutoka jikoni, ikajibu sauti ya mwanamke: "Bado, baba."

Kanda ikaisha. Tulijaribu upande wa pili, ukawa kipindupindu mpaka mwisho wake.

Hedwiga akamchomolea Raheli ile kanda akampa, ingawa haikuwa ruhusa, akatusindikiza mpaka stendi. Hakutuomba msamaha wala hatukumlaumu. Tungemlaumu nani? Eliamini hakutoka ndani. Tulimwacha amekaa kwenye benchi, na safu ile ya juu hakuitazama.

Njiani nilimwambia Raheli, "Tusiende nayo. Watatucheka."

"Ndiyo shahidi niliyenaye," akasema. "Nikienda bila shahidi, nimeshindwa. Nikienda naye bubu, angalau watamwona."

Jumamosi kamati ikakaa. Darasa la kisomo lilikuwa na kinasa sauti chake cha betri, kikawekwa mezani. Raheli aliwaeleza yote kwanza, habari ya mashine na safu na kupandishwa, na wazee wakatikisa vichwa. Waliielewa sana ile sehemu ya kutokaa miguuni. Mmoja akasema, "Hata mimi ningewapandisha." Kisha kanda ikawekwa, na ikaanza kuhubiri kipindupindu.

"Alaa!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Melkizedeki amekuwa bwana afya!"

"Huko alikokwenda wamemsomesha."

Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Raheli alisimama kando ya meza, hakuinamisha uso. Walipochoka kucheka, somo likaisha, upepo ukavuma, na baba akakohoa. Wazee wakavua kofia. Asheri mwenyewe aliinamisha kichwa, na macho yake yalilowa. Alimpenda baba yake mkubwa, siwezi kumsingizia.

Baba alipokwisha kumwita Raheli na kuuliza kama wageni wamekula, Asheri akakizima kinasa sauti.

"Ni yeye," akasema. "Mungu amlaze pema. Anasema kama alivyosema. Nani hapa anakataa kwamba alisema?"

Hakuna aliyekataa.

"Haya. Alisema nini?"

"Alisema Alhamisi ni yetu," akajibu Raheli.

"Hilo umelisema wewe, shemeji. Mimi namuuliza mzee."

Mzee mmoja, yule aliyesema hashindani na maiti, akajikongoja kusimama. "Lakini amemwita Raheli kwa jina. Watu wote wale waliokuwepo, hakuita mwingine."

"Amemwita kwa habari ya chakula," akasema Asheri, kwa upole kabisa. "Ingekuwa amemwita kwa habari ya maji, ningemfungulia mfongo leo hii kwa mikono yangu."

Yule mzee akakaa.

Raheli akaomba neno moja. Hakuomba Alhamisi tena. Aliomba apewe maji mpaka tangawizi ikomae tu, ile miezi iliyobaki, baada ya hapo wachukue. Asheri akawatazama wenzake, wenzake wakatazama chini. Akasema akimpa yeye bila shahidi, kesho nusu ya kijiji itakuwa mlangoni kwake na kanda za kipindupindu. Watu wakacheka tena, kidogo, kwa aibu. Alhamisi ikaingia shamba la kijiji. Wakaendelea na Ijumaa.

Jua la mwezi ule halikuwa na huruma. Majani ya tangawizi yalianza kukunjamana kama mikono ya mgonjwa, na mvua ilikuwa mbali. Ukiiacha inakauka yote; ukiichimba ni changa, haina ukali, haina nyuzi, wala haikai sokoni, inaoza. Raheli akachagua kuichimba. Alikwisha kupata mtu wa kumwingiza kwenye kazi ya kuanika mkonge huko tambarare, pamoja na wageni wa kutoka kila mkoa wanaoishi kwenye kambi. Binti mkubwa angeenda naye, mdogo nilimchukua mimi.

Nilipanda Mamba kumsaidia. Tulichimba tangu umande haujakauka. Kila shina tulilong'oa lilitoka jepesi, jeupe, ukilivunja linatoa maji kama tango. Mnunuzi wa Gonja alikuwa ametuambia mapema tusimpelekee uchanga huo, tukajibu tutampelekea hivyo hivyo, atuambie tukiwa tumesimama mbele yake.

Jua lilipopanda tukaenda kwenye mfongo kunywa. Ilikuwa Alhamisi, maji yamejaa, yanapita kando ya shamba kwa kasi kwenda chini. Maji ya kunywa hayana zamu, kila mtu kwetu anakunywa siku ya mtu yeyote. Raheli alipiga magoti akachota kwa viganja. Kule juu, karibu na lango la ndiva, mlinzi wa mfongo alikuwa amesimama na jembe begani. Alitusalimu vizuri, akamuuliza Raheli habari za watoto. Lakini hakuondoka. Alikaa anaitazama mikono yetu mpaka tulipomaliza kunywa, tusije tukageuza jiwe tukayaingiza maji shambani.